Kisa cha selimundu kwa mwaka wa kwanza: kipangweje ndani ya dakika 50?

Mkufunzi_Jenetikia
Wakuu, salaam. Nina wanachuo 140, mada ni uteuzi asilia. Badala ya kuanza na fasili nataka nianze na kisa cha mtafiti Anthony Allison, selimundu na malaria. Nikipangeje kisiishie kuwa burudani tu?

Ubao_Mweusi
Mwalimu, anza na fumbo, jibu lifiche. Mwaka 1949 Allison alipima damu za watu Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wenye jeni moja ya selimundu (AS) walizidi asilimia 20. Nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Chora ramani hiyo ubaoni, kisha nyamaza. Wape dakika 4, wawili wawili, waandike sababu wanayoidhania na ushahidi ambao ungeibomoa. Neno malaria lisitoke kinywani mwako, hata kichwa cha slaidi kisilitaje. Ukilitaja tu, hawana tena cha kutafuta.

Halafu wape takwimu zake za watoto wa Uganda, zilizochapishwa 1954. Kati ya 43 wenye AS, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113. Wapige asilimia wenyewe (28 kwa 46), kisha kai-skwea, kipimo cha kama tofauti ni ya bahati tu: inatoka 4.75, juu ya kizingiti cha 3.84. Hapo umetumia dakika 25.

Molekuli iwe mwisho: kodoni (herufi tatu za DNA) ya 6 ya beta-globini, sehemu ya himoglobini, GAG imekuwa GTG, asidi glutamiki imepisha valini. Ukiitanguliza, watakariri herufi na ramani itabaki pambo.

Darubini
Naongezea. Ugonjwa wa mtindo wa hadithi ni nia. Tumelelewa na sungura anayepanga hila, kwa hiyo mwanafunzi ataandika: "Jeni ilibadilika ili kuzuia malaria." Iandike sentensi hiyo ubaoni, waisahihishe. Hiyo "ili" ndiyo inayotakiwa kuondoka. Badiliko lilitokea kwa bahati DNA iliponakiliwa. Penye malaria, watoto wenye AS walinusurika zaidi, wakakua, wakairithisha.

Na wale 12 usiwaruke. Mwenye AS huambukizwa malaria pia; kinga yake kubwa ni dhidi ya malaria kali.

Mkufunzi_Jenetikia
Ahsanteni sana. Na upande wa hasara? Huenda darasani yumo mwenye SS, yaani jeni mbili za selimundu, anayeugua.

Darubini
Dakika ya 40, kwa mraba wa Punnett, jedwali la jeni za wazazi wawili: AS kwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS. Sema "mtu mwenye selimundu", na usimwombe yeyote ajitaje.

Swali la kutokea mlangoni: malaria ikitokomezwa, mbona jeni hii itapungua polepole? Wapige hesabu kwa mzunguko wa 0.1, yaani jeni 1 kati ya kila 10 ni ya selimundu. Katika watoto 100 wanaozaliwa, 18 ni AS na 1 ni SS. Jeni za selimundu ni 20. 18 kati yake zimebebwa na watu wasioumwa, uteuzi hauzifikii.