Trekta dogo la zamani, jointi za usukani zimeisha: boljointi za kirikuu au zile za bering?

Mparachichi_Rungwe
Wakuu, nina trekta dogo la mtumba wa Japani, hp 18, la kubebea mbolea katikati ya mistari ya parachichi. Nazungusha usukani karibu robo mzunguko ndipo matairi yanaamka. Jointi nne zote zimechoka, mipira ya kuzuia vumbi ilishapasuka zamani. Za kiwandani ni mpaka kuagiza, na hazina nipo ya grisi, zikiisha ni kutupa. Nafikiria boljointi (gololi ndani ya kikombe kilichofunikwa) za kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, au zile za bering: jicho lenye gololi kubwa katikati na uzi nyuma. Aliyejaribu aseme.

Fundi_Mwanjelwa
Kabla hujatoa hela, zima injini, mpandishe kijana azungushe usukani kushoto kulia polepole, wewe lala chini ushike kila jointi kwa vidole. Inayocheza utaihisi. Nimeletewa matrekta yamefungwa jointi mpya zote na usukani bado unacheza, kumbe mgonjwa ni kingipini (pini ambayo tairi la mbele linageukia) au boksi ya usukani.
Mimi ni mtu wa boljointi. Ina kifuniko, na ukichagua yenye nipo unapiga grisi mpaka ile chafu itoke yote. Ubaya wake, shina ni la taperi, yaani linazidi kuwa jembamba kuelekea kwenye nati, na mkono wa trekta lako (chuma kinachogeuza tairi) huenda una tundu lililonyooka. Usije ukapitisha drili ukafunga tu. Shina litagusa ukingoni peke yake, na hata ukaze nati kwa bomba la mita mbili, litalila tundu.

Mpunga_Usangu
Nina za bering huku Ubaruku mwaka wa tatu. Usukani mwepesi, hauchezi hata kidogo, na boliti ni ya kawaida, hakuna habari ya taperi. Ila trekta langu haliingii jarubani, linavuta tela tu.

Fundi_Mwanjelwa
Basi umeshamjibu, mkuu. Bering ile iko uchi. Kwa mvua za Rungwe tope litaisaga kama jiwe la kusagia.

Lezi_Mbalizi
Nawasoma mnabishana jointi, mimi ninachokiona kila wiki ni tundu la mkono. Likishakuwa yai, ufunge jointi ya dhahabu italegea tu. Vua mkono, pima tundu kwa kalipa pande mbili. Likiwa limepanuka, lichongwe la duara upya, liwekwe bushi, yaani kijibomba cha chuma, yenye taperi ndani na ukingo upande mpana, ili nati ikikazwa iivute bushi izidi kukaa. Kuchomelea kujaza tundu sikushauri, hasa mkono ukiwa wa chuma cha kumimina kwenye kalibu. Unapasuka ukiwa mteremkoni.
Ukienda na bering, weka washa pana juu yake. Gololi ikichomoka siku moja, fito (chuma kirefu kinachobeba jointi huku na huku) haitaanguka. Na njoo na fito yenyewe, usitaje saizi kwa simu: uzi wa kirikuu na wa trekta unaweza kutofautiana, na kwenye fito nyingi upande mmoja ni uzi wa kushoto.

Viazi_Njombe
Kamwene. Mimi niliagiza za kiwandani nikasubiri. Trekta ndilo shamba langu, sitaki mkono uliochongwachongwa.

Mparachichi_Rungwe
Ndaga fijo wakuu. Mrejesho: vidole vilikamata jointi mbili tu, si nne! Na mkono wa kushoto tundu lilikuwa yai kweli. Nimechonga bushi, nimefunga boljointi za kirikuu mbili. Siku ya kwanza trekta likawa linayumba barabarani kuliko zamani, nikaanza kumlaumu fundi kimoyomoyo. Kupima kwa kamba, nafasi kati ya matairi mawili ya mbele ilikuwa pana upande wa mbele kuliko upande wa nyuma. Nimezungusha fito mpaka upande wa mbele pakawa pembamba kuliko nyuma kwa milimita 4, limetulia.

Fundi_Mwanjelwa
Umenilaumu mimi au mwingine? 😄 Likishafanya kazi kwa muda wa masaa kumi hivi, kaza nati tena, taperi huwa inakaa. Na spliti pini weka mpya, ile uliyoikunja mara mbili itupe.