Kiini kimegeuka jiwe ndani ya impela, kostiki itakitoa?

fundi_mwanjelwa:
Habari za jioni wakuu. Nasubu alumini hapa Mwanjelwa, masufuria na vipuri vidogo. Mteja wa Mbarali kaniletea impela (gurudumu linalosukuma maji) ya pampu ya kumwagilia mpunga, ile iliyofunikwa pande zote, njia za maji zimepinda ndani kwa ndani. Kiini, yaani kipande kinachokaa ndani ya kalibu ili kiache uwazi wa njia hizo, nilitengeneza kwa mchanga, nikaufunga kwa silikati ile ya kwenye sabuni. Alumini ilijaa vizuri, lakini kiini kimekuwa jiwe. Siku ya pili leo nachokonoa kwa spoki ya baiskeli, na upande mmoja nimeshatoboa ukuta.

Nasikia pangaboi za ndani ya injini za ndege, zile zinazozungushwa na gesi ya moto, nazo zina vinjia vyembamba ndani, kiini chake ni cha kauri na kinaondolewa kwa kostiki, soda kali ile ya kutengenezea sabuni. Nikiiloweka hii je?

mama_sabuni_tukuyu:
Ugonile mwanangu. Usiloweke! Mimi kostiki naikoroga kila wiki, na sufuria la alumini siliruhusu lisogee karibu. Inalila huku likichemka mapovu, na gesi ile ni haidrojeni, inashika moto. Utabaki na kiini bila impela.

mzee_wa_tanuri_iringa:
Kamwene fundi. Mama amesema kweli. Pangaboi zile ni za aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli, na kostiki ya moto haiidhuru nikeli. Kiini chake kwa kawaida ni silika. Kwanza nta inamiminwa kukizunguka, kisha nta inavikwa ganda la kauri. Nta ikiyeyushwa na kutoka, kiini kinabaki kimening'inia ndani ya ganda, kimeshikwa kwenye ncha. Kinavumilia nikeli ya nyuzi kama 1500, halafu kinayeyushwa kwenye kostiki yenye moto na mgandamizo. Pale kilipokuwa ndipo hewa ya kupoza inapita, maana gesi ya injini ina joto kupita kiwango cha kuyeyuka cha aloi yenyewe.

Wewe tafuta kitu kinachovumilia alumini na kufa kwa kitu kisichoila. Chumvi! Alumini inayeyuka nyuzi 660, chumvi 801. Pistoni za dizeli zenye mfereji wa oili ndani zinasubiwa hivyo. Chukua chumvi laini, ilowe kidogo tu, ishindilie kwenye kisanduku cha kuundia kiini, iache ikauke. Kisha ioke polepole mpaka unyevu wote uishe. Hapo usiharakishe hata kidogo, maji yakikutana na alumini ya moto inakurukia usoni. Na chumvi inavuta unyevu hewani, kwa mvua zenu za Mbeya itoe kwenye oveni moja kwa moja hadi kwenye kalibu, umimine.

Ikipoa, maji ya moto yanaitoa. Suuza sana, chumvi ikibaki itatafuna alumini.

Hiyo ya sasa irudishe kwenye tanuri, uondoe mchanga.

fundi_mwanjelwa:
Shikamoo mzee, shikamoo mama. Kisanduku cha kiini ninacho bado. Kesho nanunua chumvi kilo mbili sokoni.