Nimefuta #include iliyojirudia, inakompaili freshi ila VM haipati IP

kijana_wa_buzuruga

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, nimekwama na kitu nilichodhani ni usafi wa kawaida tu wa kodi.

Iko hivi, tuko vijana wachache hapa Mwanza tunatengeneza kiboksi kinachokaa mwaloni kusoma joto la vyumba vya baridi vya samaki na kulituma kwenye seva, sasa viboksi vyenyewe ni vichache na vingi viko saiti kwa hiyo testi zote tunafanyia ndani ya VM, yani kompyuta ya kuigiza, kwenye programu ya QEMU. Netiweki, diski na konso za hiyo VM hatutumii za QEMU moja kwa moja, tuna programu yetu ya C inayokaa pembeni kwenye hosti (mashine halisi inayobeba VM) na kuongea na QEMU kwa soketi ya vhost-user, yani itifaki ya kuachia programu ya nje kazi za vifaa vya VM, maana tunataka kuigiza mtandao mbovu, paketi zinapotea, zinachelewa, kama unavyokuwa kule visiwani Ukerewe simu imebakiza kamstari kamoja.

Kodi nimeirithi kwa jamaa aliyekuwepo kabla yangu. Ina folda tatu, net, blk na con, na kila folda ina proto.h yake. Ukizifungua, nusu ya kwanza ni ileile neno kwa neno, VhostUserMsg, namba za maombi, strakti za virtio (kanuni ambazo VM na vifaa vyake vya kuigiza vinaongelea), kopi-pesti ya wazi kabisa. Na juu ya common/ring.c kuna hii:

```
#include "../net/proto.h"
#include "../blk/proto.h"
```

Nikaona moja inatosha, nikafuta ya net. Imekompaili bila onyo hata moja na -Wall iko hapo. Ila VM ikiwaka haipati IP, inaomba DHCP (huduma inayogawa IP) mpaka inachoka. Nikirudisha ule mstari inapata vizuri tu. tcpdump -e kwenye tap0 (kadi ya netiweki ya kuigiza upande wa hosti) inaniambia fremu inatoka ff:ff:52:54:00:12 kwenda 00:00:ff:ff:ff:ff, aina 0x3456. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Kufuta mstari uliojirudia kunaharibuje netiweki?

mzee_wa_makongoro

Kijana rudisha huo mstari uendelee na kazi. Kodi ya watu imetembea miaka, wewe umekuja na ufagio. Kitu kinachofanya kazi hakiguswi wiki ya kwenda saiti.

nyuzi_na_baiti

Mzee shikamoo, ila hapo sikubaliani, mstari unaotengeneza netiweki kwa kuwepo tu ni bomu, kesho mtu mwingine atapanga zile include kwa alfabeti na blk itakaa juu.

Kijana pole. Jibu liko kwenye hiyo tcpdump yako, isome taratibu. MAC, yani anwani ya kadi ya netiweki, ambayo QEMU inaipa kadi ya kwanza usipoipangia mwenyewe ni 52:54:00:12:34:56. Wewe unaona 52:54:00:12 imeishia kwenye anwani ya mtumaji, halafu 34 na 56 zimeangukia sehemu ya aina ya fremu, ndo hiyo 0x3456, mahali ambapo kwa DHCP ya IPv4 ungetegemea 0x0800. Na mbele kabisa kuna 00:00 zimejichomeka kabla ya zile ff sita za brodikasti ambazo mbili zake nazo zimesogea kwa mtumaji. Yani fremu nzima imesukumwa baiti 2.

Sasa baiti 2 kwenye virtio-net zinatoka wapi. Kila paketi inayotoka kwenye gesti (mfumo ulio ndani ya VM) inatanguliwa na heda ndogo ya virtio: flags baiti 1, gso_type 1, hdr_len 2, gso_size 2, csum_start 2, csum_offset 2, jumla 10. Afu kuna umbo lenye num_buffers mwishoni, baiti 2 zaidi, hilo ni 12. Gesti wako anatuma 12, kodi yako sa hivi inaruka 10, zile 2 zilizobaki (num_buffers, ambayo upande wa kutuma draiva huwa anaiacha sifuri) unazisukuma kwenye tap kama vile ndo mwanzo wa fremu. Hakuna DHCP seva itakayokuelewa hapo.

Kwa hiyo hiyo "neno kwa neno" yako naitilia shaka. Fanya diff ya hizo faili, macho hayafai kwa kazi hii. Na hebu niambie mstari wa kwanza wa kila proto.h umeandikwaje, nahisi zote zina #ifndef PROTO_H.

kijana_wa_buzuruga

Dada umesoma kama vile uko mezani kwangu. Zote tatu ni PROTO_H. Na diff imetoa mistari miwili mitatu tu, mmojawapo ni `uint16_t num_buffers;` upo kwa net peke yake, blk na con hazina. Strakti jina ni lilelile virtio_net_hdr.

Ila kuna kitu kinanichanganya, nikirudisha ule mstari na kukompaili kwa gcc -H inanionyesha imesoma faili zote mbili, ya net na ya blk. Kama zote zinasomwa na strakti zina jina moja mbona haigombi?

nyuzi_na_baiti

-H inakuonyesha faili zilizofunguliwa, haikwambii ndani yake kilibaki nini. Net inaingia kwanza, inaandikisha PROTO_H, blk ikifika inafunguliwa kweli lakini ile #ifndef inaona jina tayari lipo kwa hiyo kila kitu kilichomo kinarukwa. Ni mlinzi wa geti anayeangalia jina tu kwenye daftari, sura haangalii, wakija wawili wenye jina moja wa pili anarudishwa. Kumbe ring.c miaka yote hiyo haijawahi kuiona blk/proto.h hata siku moja, umefuta net ndo imeingia kwa mara ya kwanza na strakti yake ya baiti 10.

Na angalia hii: kama yule jamaa angeweka majina tofauti, NET_PROTO_H na BLK_PROTO_H, kompaila ingekataa siku ileile kwamba strakti imetangazwa mara mbili, na mngeshajua zamani. Kwa hiyo kabla ya kufuta kitu kingine chochote badilisha hayo majina, kompaili, kila kosa litakalotoka ndo orodha yako ya kazi.

Ukitaka kuona umbo ambalo kila .o (faili iliyokwisha kukompailiwa) imelishika kweli, kompaili kwa -g halafu fungua .o kwa gdb, andika `ptype /o struct virtio_net_hdr`. Inakupa kila kipengele kiko baiti ya ngapi na jumla yake. pahole nayo inafanya hivyo hivyo. Pitisha net/*.o, blk/*.o na common/*.o uone nani ana 10 nani ana 12.

kamanga_ferry

Niko kwenye kivuko natype kwa simu mnivumilie. Dada kamaliza upande wa kwa nini, mi naongezea upande wa nini kibaki. Watu wengi wakikuta kopi tatu wanachagua moja nzuri kati ya zile tatu wanaifanya ya pamoja. Usifanye hivyo kwa strakti za virtio kwa sababu hizo si zenu, zina mwenyewe. Mwenyewe ni spesifikesheni ya virtio iliyo chini ya OASIS, na kwa C tayari imeshaandikwa kwenye heda (faili za .h) za keneli ya Linux, iko `<linux/virtio_net.h>`, kwenye Ubuntu inakuja na linux-libc-dev ambayo ukiwa na gcc na libc za kukompailia lazima tayari unayo. Kwa hiyo kopi zote tatu zinafutwa, habaki mshindi.

Humo ndani utakuta strakti tatu ambazo ukikosa kuzitofautisha unarudi palepale. virtio_net_hdr ni ile ya zamani ya baiti 10. virtio_net_hdr_mrg_rxbuf ni hiyo ya zamani pamoja na num_buffers, 12. virtio_net_hdr_v1 ni ya virtio 1.0, 12 siku zote. Kivuko kinafunga nawahi gari.

nyuzi_na_baiti

Na hapo ndo pa kuwa makini zaidi kijana, 10 na 12 ZOTE ni sahihi, inategemea gesti amekubaliana nini na kifaa wakati wa kuwaka. Akikubali VIRTIO_F_VERSION_1, biti ya 32, ni 12 hata kama hajakubali kingine. Akiwa wa zamani bila hiyo biti, ni 12 endapo amekubali VIRTIO_NET_F_MRG_RXBUF, biti ya 15, la sivyo ni 10. Kwa hiyo sizeof iliyopigwa moja kwa moja kwenye ring.c ni kosa lingine linalosubiri zamu yake. Weka kigezo kimoja kwenye kifaa, tuseme hdr_len, kipange QEMU ikishakutumia zile fichaz zilizokubaliwa (hizo biti), na kila mahali mtumie hicho. QEMU yenyewe inafanya hivyo kwenye hw/net/virtio-net.c, inaita guest_hdr_len.

Pia kwa 1.0 namba zote ni litol-endiani (baiti ndogo inatangulia), kwa wale wa zamani ni endiani ya gesti mwenyewe. Kwenye x86 hutaona tofauti lakini tumia le16toh tu uwe salama.

bando_limeisha

Mi naomba nipinge kidogo hii ya kutegemea heda za mfumo. Tuseme laptopu ya kijana ina Ubuntu fulani, ya mwenzake ina nyingine ya zamani, halafu mmoja anatumia Mac, hapo `<linux/virtio_net.h>` haipo kabisa. QEMU wenyewe wamekwepa hilo, wana folda include/standard-headers ambako heda za keneli zimenakiliwa na skripti, scripts/update-linux-headers.sh, inabadilisha hata aina zile za __u32 ziwe uint32_t ili zikompailike nje ya Linux. Ni kopi ndiyo, lakini ni kopi moja na haihaririwi kwa mkono, ukitaka mpya unaiendesha skripti tena. Chukueni njia hiyo.

nyuzi_na_baiti

Hoja nzuri kwa mradi mkubwa kama QEMU unaotakiwa kukompailika hata Windows. Hawa ni watu wachache wote kwenye Linux, skripti ya kunakili heda ni mzigo wa bure. Kijana tumia za mfumo, siku mkipata mtu wa Mac mtarudi kwa bando_limeisha.

Ila kitu kimoja mfanye bila kujali njia: hiki kichwa cha ujumbe wa vhost-user, yani request, flags na size, kila kimoja baiti 4, hicho hakimo kwenye heda za keneli, hapo mnabaki na tangazo lenu moja. Liweke include/vu_proto.h, na chini yake:

```
_Static_assert(sizeof(struct vu_hdr) == 12, "vu_hdr");
_Static_assert(sizeof(struct virtio_net_hdr_v1) == 12, "net");
_Static_assert(sizeof(struct virtio_blk_outhdr) == 16, "blk");
```

Mtu akija kugusa kipengele kompaila inamkatalia hapohapo, hamsubiri VM ikose IP.

mzee_wa_makongoro

Marahaba binti. Sawa nimewasikia, mi si adui wa usafi. Lakini mnampa kijana mambo mengi kwa mpigo, akiyachanganya kwenye komiti moja (badiliko linalohifadhiwa kwenye historia ya kodi) hakuna atakayejua kilichovunjika. Kijana, komiti za kuhamisha na kufuta kopi zikae peke yake, na kubadilisha tabia, hiyo hdr_len, ikae peke yake baadaye. Na kuna kipimo: komiti ya kufuta kopi tu haitakiwi kubadilisha kodi ya mashine. Kompaili bila -g kabla na baada, linganisha kila .o kwa cmp. Zikitofautiana simama uangalie objdump -d. Zinazotumia assert zitatofautiana kwa sababu namba ya mstari inaingia ndani, hizo kompaili na -DNDEBUG kwanza. Sisi tumefanya hivyo kwenye mifumo mikubwa kuliko hiyo na umeme ulikuwa unakatika mara nyingi kuliko sa hivi.

kijana_wa_buzuruga

Wabeja sana wote, mzee shikamoo na asante. Nimebadilisha majina ya zile ifndef kwanza kama dada alivyosema, kompaila imemwaga makosa skrini nzima, yote ni strakti zilizotangazwa mara mbili. Nimefuta za virtio kwenye folda zote tatu, nimeweka za mfumo, VM imepata IP na tcpdump sasa inaonyesha 52:54:00:12:34:56 nzima mahali pake. Kwa cmp faili za net hazijabadilika hata moja, ring.o nayo ni ileile ukilinganisha na ile iliyokuwa na mistari yote miwili. blk/queue.o imetofautiana, bado naichimba.

Swali la mwisho. Kwenye Makefile kuna -fcommon, sijui ya nini, nimeitoa nikapata `multiple definition of log_level` kutoka kila folda. Na con/proto.h ina jedwali `static const uint16_t crc_tab[256]` humohumo kwenye heda. Navyo ni marudio ya aina hii?

nyuzi_na_baiti

Ni ndugu zake. Zamani gcc ilikuwa ukiandika `int log_level;` kwenye heda bila extern, na heda ikaingia faili kumi, linka (inayounganisha zile .o kuwa programu moja) inaziunganisha kimyakimya kuwa moja. Kuanzia GCC 10 ya mwaka 2020 wamebadilisha, sasa kila faili inahesabiwa ina yake na linka inakataa. Ubuntu 20.04 ilikuwa na GCC 9, 22.04 ina 11, kwa hiyo jamaa yako alihamia toleo jipya, akakutana na makosa, akayanyamazisha kwa -fcommon. Iache nje hiyo flagi. Andika `extern int log_level;` kwenye heda na `int log_level = 1;` kwenye common/log.c peke yake.

Jedwali halitagomba kwa sababu ya static, ila kila .o inayolitumia inabeba kopi yake ya baiti 512. Lihamishie con/crc.c, kwenye heda ubakize tangazo la extern tu. Hapo cmp zitatofautiana na ni halali.

Kuhusu blk/queue.o, kabla hujachimba sana angalia sector kwenye ile strakti yenu ya zamani ya virtio_blk_outhdr. Kwenye virtio ni baiti 8 na inahesabu vipande vya 512 hata kama diski ina bloku za 4096. Kama yule jamaa aliiandika uint32_t, ndo tofauti unayoiona.