Blauzi nne za Gikomba, moja tu ndio inavalika. Nakosea wapi?

Mgeni_Ofisini: Wadau habari zenu. Nimepata kazi ya kwanza, ofisi iko Upper Hill, mshahara ni ule wa kuanzia si mnaujua, na nguo zangu zote ni za chuo. Jumamosi nikaenda Gikomba, lile soko la mitumba la Nairobi, saa nane mchana, nikainama kwa rundo la mia mia mpaka mgongo ukalia, nikatoka na blauzi nne nikijipongeza kwa matatu njia yote. Kufika nyumbani naziangalia vizuri kwa taa: moja kwapa limegeuka manjano, nyingine zipu ya kando haifungi, ya tatu inanibana kifua juu niliijaribu juu juu tu kwa kusukumwa na watu. Imebaki moja. Kwa hivyo hiyo moja imenitoka mia nne na nauli juu. Halafu kuna mwenzangu kazini ananiambia mitumba inasaidia mazingira, nikamuangalia tu. Ni ukweli ama tunajifariji juu hatuna pesa?

Mama_Blauzi: Dadangu pole, lakini Jumamosi saa nane ulikuja kuokota tulichoacha. Mimi nauza hapo mwaka wa tisa sasa. Bale, yaani furushi la mitumba, ni kilo 45, imefungwa kamba, hufungui kabla ya kulipa, ni kama kamari, siku moja unakata unapata blauzi safi na siku nyingine unapata kola zimekula rangi unakaa chini unajiuliza utalipa deni na nini. Ikifunguliwa asubuhi wenye vibanda vya mjini na wale wasichana wa kuuza kwa simu wameshasimama hapo, wanachagua kamera, yaani zile za kwanza kabisa, wanaenda kufua, kupiga pasi na kupiga picha, unaziona jioni kwa bei mara tatu. Zikitoka hizo bei inashuka, inashuka tena, mpaka mchana ni rundo, na mwisho kabisa ni fagia, yaani mabaki ya kufagiwa. Wewe ulikuwa karibu na fagia.

Njoo katikati ya wiki mapema, tafuta mama mmoja wa blauzi umuachie namba, mwambie saizi, atakupigia akifungua. Na usiamini lebo, 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani. Suruali usihangaike kuvua, zungusha kiuno chake shingoni, ncha zikikutana bila kuvuta itakutosha. Blauzi igeuze ndani nje, inua juani, angalia kwapa, kola, na mshono wa pembeni. Mimi nikiona mteja anaangalia kwapa kwanza najua huyu sitamdanganya.

Kando_ya_Mto: Mimi nijibu hiyo ya mazingira juu hapa watu wanapenda kurukia. Tisheti moja ya pamba inasemekana hula karibu lita 2,700 za maji mpaka itoke kiwandani, kwa hivyo ukivaa ya mtu badala ya kununua mpya, sawa, umeokoa kitu. Lakini ni *badala ya*. Wewe umenunua nne ukavaa moja, hizo tatu zinaenda wapi? Pita nyuma ya soko uangalie mto Nairobi, vitambaa vimenasa kwa mawe kama mwani, na zingine zinaishia kwa jaa la taka la Dandora. Nyingi ni polista, hiyo ni plastiki, haiozi. Ukitaka kujua, toa uzi mmoja kwa mshono wa ndani uuchome: pamba inaungua kama karatasi inabaki jivu, polista inayeyuka inakuwa kitone kigumu cheusi. Bei ya mia mia ndio shida yenyewe, ingekuwa mia nane ungefikiria mara mbili.

Mzee_wa_Kisumu: Na hamsemi viwanda. Nilikua nikiona wafanyakazi wa Kicomi, kiwanda chetu cha nguo, wakitoka zamu. Leo vijana wanavaa nguo za Wazungu waliochoka nazo.

Mama_Blauzi: Mzee shikamoo, na hiyo lawama tumeizoea. Pamba yenyewe mkulima alikuwa ameshaiacha, halipwi. Mwaka wa 2016 marais wa Afrika Mashariki walisema mitumba iishe 2019, Marekani ikatishia mambo ya AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru, Kenya ikajitoa. Halafu 2020 korona ikaja, wakafunga uingizaji kuanzia Machi mpaka Agosti. Nilimaliza stoki nikauza mboga. Hakuna kiwanda kilichonipigia simu kuniuzia blauzi za kuuza.

Fundi_Cherehani: Nyinyi mnapigana na dada anataka nguo. Ile ya zipu usitupe, zipu ya kando nabadilisha kwa mia na hamsini unangoja umekaa. Ya kifua, geuza uangalie mshono wa pembeni, kama kuna kitambaa cha ziada ndani naiachilia, nguo nyingi za zamani ziko nacho, hizi za siku hizi wanakata mpaka kwa uzi hakuna cha kuachilia. Ya kwapa kama ni pamba ipigwe rangi nyeusi. Polista haishiki, usipoteze pesa.

Mgeni_Ofisini: Asanteni sana jamani. Nimetoa uzi kwa zote nne nikachoma kwa kiberiti, nyumba yote inanuka. Ile moja nzuri niliyojisifia ndio imeyeyuka kama mshumaa, na ya kwapa la manjano ndio pamba safi. Ya kifua iko na kitambaa ndani kama vidole viwili. Fundi uko upande gani nikuletee Jumatano? Na mama, saizi yangu ni 14, ya Uingereza, nakutumia namba kwa inboksi.

Mama_Blauzi: Tuma. Na usikuje umevaa sweta nene, ujaribu blauzi vizuri.