Wakuu, mpira wa mtaani huku Essex, Uingereza, ukoje? Timu ikibeba kombe inapanda kwenda wapi?

kiungo_wa_Dom
Habari zenu wakuu. Nipo Chelmsford, nyumbani nilikuwa nakipiga ligi ya mkoa Dodoma, kiungo mkabaji, umri 24. Jamaa wa kazini kanipeleka kwenye timu yao ya Jumapili, soka lenyewe sio baya ila kuna mambo yananishangaza, kila mechi natoa hela mimi mchezaji, nyavu tunafunga wenyewe asubuhi na baridi lote lile, mshika kibendera ni mtu wa benchi kavaa koti. Sasa hii timu ikichukua ubingwa inapanda wapi? Na mtu anaanzaje kupewa hata nauli tu?

Babu Kona
Dogo hapo ulipo hupandi popote. Ligi za Jumapili zina madaraja yao humohumo, ukifika la juu basi umefika, hazijaungana na ile ngazi inayoishia Premier League. Kombe lao kubwa ni FA Sunday Cup, lipo tangu 1964, basi. Wewe tafuta timu ya JUMAMOSI. Huko kwenu unaanzia Essex Olympian League, juu yake Eastern Counties daraja la kwanza kusini, halafu Essex Senior League, halafu Isthmian, halafu National League South walipo hao Chelmsford City wa hapo kwako. Ila ujue kupanda sio pointi tu, ukitoka Olympian uwanja lazima uwe na taa, kwa hiyo unakuta bingwa kabisa anabaki palepale mwaka hadi mwaka, mpira anao taa hana

Shangazi wa Colchester
Babu kasema kweli ila kasahau kubwa kuliko yote. Mdogo wangu, si ulisajiliwa nyumbani? Basi unahitaji ITC, yaani cheti cha uhamisho wa kimataifa, hata kama unacheza kwenye bustani ya manispaa na mbwa wanapita katikati. Watu wanadhani ni ya kina Samatta tu. Mwanangu wa kiume alikaa nje mwezi mzima sababu katibu wa timu yake alidhani hivyohivyo. Mwambie katibu wako aanze leo, akikwama ofisi za Essex FA, chama cha soka cha hapo Essex, ziko hapohapo Chelmsford

mzee_wa_faulo
😂😂 na mdomo chunga kiungo, tangu 2019 mechi za mtaani ukimlalamikia refa unalambwa njano unakaa nje dakika 10, timu inacheza pungufu. Sisi Wabongo tunavyopenda kumzonga refa, utamaliza msimu umekaa kwenye nyasi

Mtu Chake
Usikate tamaa bro, Vardy alikuwa analipwa paundi 30 kwa wiki kwenye katimu ka Stocksbridge akaja kubeba Premier League na Leicester 2016

Babu Kona
@Mtu Chake kila uzi Vardy, kila uzi Vardy. Huyo ni mmoja, na alishapita akademi ya Sheffield Wednesday kabla hawajamtema, hakuokotwa bustanini. Heshima ya Essex ni kina Billericay, walibeba FA Vase, kombe la timu za madaraja ya chini, 1976, 1977 na 1979, mara tatu na ni timu ya mji mdogo tu. Au Hashtag United, timu ya vijana wa YouTube ilianza 2016 kwa mechi za kirafiki, wakaingia Eastern Counties 2018, leo wako Isthmian. Ndio ujue ngazi ipo kweli, ila kwa timu yenye uwanja na hela

kiungo_wa_Dom
Nimewasoma wakuu. Kwa hiyo nikihamia Jumamosi hawa wa Jumapili nawaacha? maana ndio marafiki pekee niliopata huku

Shangazi wa Colchester
Hapana, wengi wanacheza zote mbili, Jumamosi timu moja Jumapili nyingine, inaruhusiwa. Mazoezi ya majaribio ni Juni na Julai, ligi inaanza Agosti. Mafuta ya gari watakupa kuanzia huko Eastern Counties, Olympian usitegemee, utaendelea kuchangia. Na nunua viatu vya njumu za chuma, Januari huko ni tope mpaka gotini kama mechi haijaahirishwa

mzee_wa_faulo
itaahirishwa