Mizizi mitupu, hata jani moja hakuna: ni mmea mzima au nimebeba kuni?

Mama Doto (Nyegezi)
Wakuu, shikamooni wanaostahili, wengine habari za leo. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Ukerewe kumwona mama mkwe. Upepo ulikuwa umeangusha tawi la mwembe wa zamani na watoto wameshaanza kulipasua kuni. Kwenye gome nikaona kitu kama buibui mkubwa: mizizi ya rangi ya majivu imetanda kila upande, katikati hakuna jani. Ila palikuwa na kikonyo chenye maua meupe, kila ua halizidi punje ya mchele. Nikaomba kile kipande cha tawi, nikapanda nacho kivuko huku watu wakinicheka.

Kijana mmoja anayeuza miche kando ya barabara kaniambia niibandue mizizi niipande kwenye ndoo ya samadi. Nilipobandua wa tatu roho ikasita. Sasa kipo barazani, kikavu, cheupe kama fedha. Kimekufa? Nifanyeje?

Mzee wa Mawe
Kuni hizo, dada. Bandika maharage.

Mchavusha Vanila (Bukoba)
Mama Doto, ndoo ya samadi iache kabisa! Hiyo ni okidi (orchid), aina ya mmea wa maua, na kwa maelezo yako ni ya jamii ya Microcoelia. Zipo spishi kama 30, za Afrika na Madagaska. Ya kwako ni ipi hasa, mpaka maua yatazamwe kwa karibu. Majani hukuyaona kwa sababu hazina. Usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, unafanyika kwenye mizizi yenyewe. Juu ya mzizi kuna ganda kama sponji: likikauka linakuwa jeupe, likilowa rangi ya kijani ya ndani inaonekana. Nyunyizia maji kidogo, ngoja dakika chache, utuambie.

Halafu mwembe haukuwa unanyonywa. Okidi hii si kupe, imejishikiza tu.

Mama Doto
Jamani! Imekuwa kijani kama mchicha! Ila upande mmoja umebaki kahawia.

Mchavusha Vanila
Ya kahawia iminye. Ikiwa ndani tupu kama mrija, imekufa, kata. Mingine usiiguse tena, wala usiitoe kwenye gome lake. Jamii hii inachukia kuhamishwa kuliko kitu chochote. Kitundike kipande kizima chini ya mti wenye kivuli chepesi, jua la asubuhi lipenye. Kifunge kwa nailoni ya nyavu, Mwanza haikosekani. Nyunyizia kila asubuhi kiangazi hiki, mizizi iwe imekauka kabla ya usiku. Ikilala imelowa mahali pasipo na upepo, inaoza.

Binti Kirumba
Maji gani lakini? Mimi okidi zangu za dukani niliziua kwa maji ya bomba, nadhani.

Mchavusha Vanila
Ya mvua ndiyo bora, kinga wakati wa vuli uweke kwenye pipa lenye mfuniko. Na usitundike karibu na majabali, Mzee wa Mawe anajua yanavyotema joto mchana.

Mzee wa Mawe
Hapo umesema kweli. Kwangu hata chuma cha dirisha hakishikiki saa nane.

Kijana wa Fursa
Mkuu, hii si biashara? Tunazalisha mbegu, tunauza mjini.

Mchavusha Vanila
Mbegu zake ni vumbi, hazina akiba ya chakula. Porini zinategemea kuvu ili ziote. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba zinaweza kuota bila kuvu, ndani ya chupa yenye sukari na madini, lakini hiyo ni kazi ya maabara, chupa ikiingia uchafu umepoteza yote. Ukitaka hela ya okidi njoo huku ulime vanila, nayo ni okidi. Na usikwee miti kwenda kuzibandua: okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuzivusha mpaka kunataka kibali. Tawi lililoanguka lenyewe na kuelekea jikoni ni jambo jingine.

Mama Doto
Nimeifunga chini ya mpera. Mizizi minne nimekata, mmoja una ncha ya kijani mbichi, naona kama umerefuka. Mama mkwe kapiga simu anauliza, kuni zake nimezipikia nini.