Tupeane uzoefu: dada mliocheza kikapu chuoni Moshi na Arusha, timu zenu zilianzaje?

Mama Pacha wa Soweto
Jana jioni nilikuwa napita nyuma ya chuo nilichosoma hapa Moshi, nikasikia mpira unadunda kwenye sakafu. Enzi zetu ulikuwa udongo mtupu. Nikasimama. Wasichana kama kumi na wanne, jezi zina namba mgongoni, kocha wao naye ni dada, filimbi shingoni. Nilishika uzio, machozi yananilenga.

Sisi 2008 tulianza sita. Watano tulitoka netiboli, wa sita hakuwahi kucheza chochote ila alikuwa mrefu. Ringi moja, nyavu hakuna, ubao umepinda kwa mvua. Jioni uwanja ni wa wavulana, sisi tulipewa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baridi ya Juni mnaijua, vidole havikunjiki. Nani anakumbuka?

Binti Ngarenaro
Hapo kwenye netiboli umenigusa. Miezi miwili mizima kocha alinifokea neno moja: "Dunda!" Mwili umeshazoea kwamba ukidaka unasimama, unatafuta wa kumpa. Kikapu ukisimama umeshazungukwa. Halafu ule ubao! Netiboli hakuna ubao. Nilikuwa nikirusha natulia kuangalia kama umeingia, kumbe wenzangu wameshauruka.

Kaka wa Sakina
Ndiyo maana kikapu cha kina dada kinakwenda taratibu. Netiboli inawaharibu miguu.

Binti Ngarenaro
Haijatuharibu. Imetufundisha pasi. Wavulana wa chuo chetu kila mtu alitaka afunge yeye.

Mwalimu Mstaafu, Usa River
Wanangu, msigombee mama na mtoto. Netiboli imezaliwa na kikapu. James Naismith alikianzisha Springfield, Marekani, Desemba 1891. Haukupita muda, mwalimu Senda Berenson akakipeleka kwa wasichana wa chuo cha Smith, akagawa uwanja sehemu tatu, kila mmoja abaki kwenye sehemu yake, na marufuku kumpokonya mwenzio mpira. Kilipofika Uingereza kikageuka hii netiboli yetu. Hata huko Marekani, wanawake wa vyuo wameanza kucheza watano watano uwanja mzima 1971, na mashindano yao ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya huko, yameanza 1982. Kocha Pat Summitt alikabidhiwa timu ya wasichana ya chuo cha Tennessee 1974 akiwa na miaka 22, jezi anafua mwenyewe, gari la timu anaendesha mwenyewe. Alistaafu na ushindi wa mechi 1,098 na ubingwa wa taifa mara 8. Msione wanaoanza na ringi moja mkawadharau.

Kaka wa Sakina
Shikamoo mwalimu. Sijadharau mtu.

Namba Tisa
Nimesoma hapo kwa mwalimu kwenye gari la timu, nikaweka simu chini. Ngoja niseme, sijawahi kuandika hili popote.

2011. Mechi Arusha, saa nne asubuhi. Wavulana walipewa Coaster, sisi Noah moja, wachezaji wanane na kocha, mabegi miguuni. Tulipofika Kikatiti ikaanza kutoa moshi. Dereva akamwaga maji, ikazidi. Sheria tulikuwa tunaijua: saa ya mechi ikifika, dakika kumi na tano zikapita hujatimiza watano, umefungwa 20 kwa 0. Coaster ilishatangulia, simu hazipokelewi. Ikaja Hiace ya Arusha, imejaa, konda akasema nitabana watano basi. Kocha akachagua watano palepale barabarani. Mimi nilikuwa wa tano. Raba zangu ziko chini ya mabegi yote. Wa sita alikuwa rafiki yangu niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Alivua zake akanipa dirishani. Namba 38. Mimi navaa 40.

Tulifika dakika ya kumi na mbili, refa ameshika saa. Nusu ya kwanza tuliongoza. Ila wa kubadilishana naye hakuna, unapumua kwenye mitupo ya faulo tu. Robo ya tatu mmoja wetu akatimiza faulo tano, tukabaki wanne. Robo ya nne akatoka mwingine. Zimebaki dakika mbili, tuko mbele pointi nne, mwenzangu akaruka kugombea rebaundi, mpira uliokosa ringi ukarudi, akatua, goti likalia. Nililisikia kama mtu amevunja kijiti kikavu.

Tukabaki wawili. Sheria inasema akibaki mmoja mchezo unakwisha, wawili wanaruhusiwa. Refa akaja akatuuliza mnaendelea? Tukaendelea. Mmoja anarusha kutoka nje, mwingine anapokea kati ya watu watano. Tulifungwa kwa pointi tisa.

Wenzetu walifika wakati tunamfunga yule goti kwa khanga. Rafiki yangu hakuuliza matokeo. Aliniangalia miguuni, akachuchumaa, akanifungua kamba taratibu. Soksi zilikuwa zimegandamana na damu.

Mama Pacha wa Soweto
Nimelia hapa dukani.

Mchagga wa Kibosho
Na mimi.

Kaka wa Sakina
Pole sana dada. Ila wavulana msitulaumu, nani apande gari gani hatukupanga sisi.

Binti Ngarenaro
Hamkupanga, lakini kushuka watano mkawapisha mngeweza! Mechi yenu ilikuwa saa ngapi?

Kaka wa Sakina
Mimi sikuwepo hiyo safari jamani.

Shangazi Njoro
Goti likilia hivyo lichuliwe mafuta ya nazi ya moto asubuhi na jioni.

Mazoezi ya Viungo
Shangazi, kwa heshima zote, goti lililovimba halichuliwi! Barafu, mguu juu, kisha hospitali. Kano ya katikati ya goti ikikatika mafuta hayaiungi. Na wanawake tunaikata zaidi ya wanaume kwenye michezo hii. Wafundisheni wasichana kutua magoti yamekunjwa, yasigongane.

Shangazi Njoro
Mimi langu lilipona kwa mafuta.

Binti wa Majengo
Mimi niliacha kwa ajili ya hijabu. Mazoezini hakuna neno, mashindanoni refa anakwambia vua au kaa benchi. Nikakaa benchi msimu mzima, halafu nikaacha. FIBA, shirikisho la kikapu duniani, wakaja kuruhusu Oktoba 2017, mimi nimeshahitimu. Sasa mdogo wangu anacheza nayo, nyeusi, inabana vizuri, nami huwa nakaa pembeni namshikia maji.

Mchagga wa Kibosho
Namba Tisa, yule wa goti yuko wapi?

Namba Tisa
Alipasuliwa. Hakucheza tena. Yuko Kiboriloni, Jumamosi anafundisha watoto wa shule ya msingi. Hanipi nafasi ya kumpa pole, ananiuliza tu kama bado nadunda.

Mama Pacha wa Soweto
Nimerudi pale leo, nimeongea na kocha wao. Mipira minne, miwili inavuja. Ringi ya upande wa mlima imelegea, ukining'inia inakuja. Nani anamjua fundi wa kuchomelea?

Mchagga wa Kibosho
Ninaye, Pasua. Mipira nitanunua miwili, namba saba.

Namba Tisa
Namba sita, kaka. Saba ni ya wanaume.

Mchagga wa Kibosho
Sita. Fundi aje kesho saa ngapi?

Mama Pacha wa Soweto
Saa nane, kabla hawajaanza mazoezi. Siku hizi uwanja wa jioni ni wao.